Elphas Alivyokausha Jiwe la Tryphosa

Kama kuna mtu Eldoret anayeweza kung'ata punje ya mahindi na kusema imekauka kiasi gani kumshinda Elphas Nyongesa, aletwe hapa tumkague meno. Hayupo, msijisumbue. Wenye stoo wana vidude vyao vya kupima unyevu, vya betri, vya kuonyesha namba. Elphas ana gego la kulia. Anaweka punje pale nyuma, anabana, ka! Kidude hakijawaka bado, yeye ameshatangaza: "Hii bado. Rudisha juani." Kidude kikiwaka kinakubaliana naye. Kisipokubaliana, ni kidude kinachopelekwa kwa fundi.

Shida ya Elphas haikuwa meno. Shida ilikuwa makalio, ambayo hayakuwahi kuelewana na kiti. Chai alikunywa amesimama. Kanisani aliingia na kwaya na kutoka wakati wa matangazo. Pale mtaa wa Huruma alipopanga chumba, kulikuwa na kochi alilonunua mke wake akiwa hai, na mpaka leo lina karatasi ya nailoni ya dukani. Alikuwa mchuuzi wa mahindi: asubuhi yuko Kesses anapigana na mkulima juu ya bei, saa sita yuko mjini anapigana na mwenye stoo juu ya bei hiyo hiyo, jioni anatafuta mtu mwingine wa kupigana naye. Watoto walishakuwa watu wazima, kila mmoja kwake. Wakimpigia simu wanasikia upepo tu, kwa sababu baba yao yuko juu ya pikipiki ya kukodi.

Sasa mtu wa namna hiyo, niambieni, angependa mwanamke gani? Mwenye mbio kama yeye? Hapana. Alimpenda Tryphosa Jepkemboi wa Kapseret, mjane mwenye ng'ombe wa maziwa na roho ya pole sana. Tryphosa akifagia boma unadhani anachora ramani. Elphas alienda kununua mahindi yake, akataja bei, mama akaegemeza ufagio ukutani kisha akasema, "Hiyo si bei, huo ni wizi umevaa shati." Basi. Jamaa akaanguka kama gunia lililokatika kamba.

Akawa anapita Kapseret hata wakati ambapo hakuna mahindi. Alileta sukari, alileta majani ya chai, siku moja alileta jogoo. Hatimaye akasimama kwenye ua, kofia mkononi, akasema, "Mama, mimi na wewe tunaoana. Nimeshafikiria."

Tryphosa alikuwa akisuuza mikebe ya maziwa. Alimaliza mikebe yote, akaingia kwenye kijumba chake cha makaa, kile ambacho kuta zake ni waya na makaa na humwagiwa maji ili maziwa yapoe. Akatoka na kopo kuukuu la kakao.

"Fungua."

Ndani, kwenye kitambaa chenye unyevu, kulikuwa na jiwe la ukubwa wa ngumi. Upande mmoja lilikuwa mwamba wa kahawia tu, wa kawaida. Upande wa pili, mama yangu! Lilikuwa la manjano. Si manjano ya bizari wala ya ndizi. Manjano yenye kijani ndani yake, kama limau ambalo halijaamua kuiva. Na halikuwa donge. Lilikuwa vipande vyembamba vya mraba, vimebanana na kusimama kama majani ya kabichi, kila kimoja kinang'aa kivyake.

"Marehemu alikuwa dereva wa lori la masafa," Tryphosa akasema. "Alilipata kwa mchimbaji huko Kongo. Akaliweka hapo kwenye baridi, akafa bila kuniambia ni nini. Sasa shemeji zangu wanasema ni dhahabu, nimewaficha mali ya ndugu yao. Pasta anasema ni uchawi, nilitupe. Mimi nimechoka kulala katikati ya hao watu wote. Nenda ukajue ni nini na lina thamani gani. Uniletee jibu la kweli."

"Halafu?"

"Halafu nitakupa langu."

Elphas alitoka Kapseret akiwa na kopo kifuani na pikipiki chini yake, na kama rubani wa ndege iliyokuwa ikishuka kwenye uwanja wa ndege wa huko angemwona uso, angedhani mtu huyo ameshaoa.

Alipaswa kwenda moja kwa moja kwa mtaalamu. Lakini kupita stoo ya Muigai bila kuonyesha kitu alicho nacho kungemuua. Muigai alikuwa na stoo kubwa ya nafaka, draya ya dizeli ya kukaushia mahindi, na mbele dirisha la wakala wa pesa za simu. Pia alikuwa na mdomo.

"Hiyo ni salfa," Muigai akasema hata kabla kopo halijafunguka vizuri. "Ya kunyunyizia nyanya. Huyo mama amekupima akili, akaona hakuna."

"Wewe unajua nini? Washa ile taa yako ya noti."

Muigai alikuwa na taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Akaiwasha kwa dharau. Kwanza ukosi wa shati lake mwenyewe ukawaka samawati, kwa sababu ya sabuni ya unga. Halafu taa ikafika juu ya jiwe, na jiwe likawaka kijani, kijani kikali cha macho ya paka, kana kwamba kuna mtu ndani yake amewasha moto.

Muigai akarudi nyuma mpaka akagonga mizani. "Elphas, toa hiyo kitu kwa kaunta yangu."

"Salfa inawaka hivyo?"

"Nimesema toa! Watu wanakuja hapa kutoa pesa, si kuona majini."

Basi Elphas akaenda Kesses. Huko wanafunzi na vyumba vya kupanga ni vingi kuliko mahindi, na kwenye maabara ya chuo alielekezwa kwa Daktari Ciru, mwanajiolojia kijana aliyevaa sandali na koti jeupe lenye madoa ya chai. Elphas alikuwa amejiandaa kumfundisha. Lakini daktari alipoona tu rangi ile aliweka kikombe chini, akavaa glavu, akaleta kifaa chenye ukubwa wa redio na kukisogeza karibu na kopo. Kifaa kikaanza kudunda kama mahindi ya bisi kwenye sufuria.

"Mzee, toa mkono hapo."

"Kwani kinasema nini?"

"Kinasema hapo ndani kuna urani."

"Ile ya mabomu?"

"Ya mabomu hupitia viwanda vikubwa kwanza. Hili ni jiwe tu, halilipuki. Lakini si la kubeba kifuani." Akalikagua kwa lenzi, taratibu, huku Elphas akizunguka meza. Akajaribu kipande kidogo kilichokuwa kimeanguka kwenye kitambaa: laini, karibu ukucha ungekikwaruza. Akazima taa, akaleta taa yake ya zambarau. Kijani. "Kuna mengine ya manjano yenye urani, lakini hayo mara nyingi ni kama unga na hayawaki hivi. Hili lina vipande vya mraba, laini, linawaka kijani. Ni madini yanayoitwa otunaiti. Tutalipima zaidi, lakini ningeweka jina langu hapo. Na vipande vyote vimesimama! Mzee, nimeyaona haya vitabuni tu."

Hilo la vitabuni tu lilimwingia Elphas kama chai ya moto. "Basi sema. Kilo ni ngapi?"

"Haliuzwi kwa kilo."

"Kila kitu huuzwa kwa kilo."

"Kwa upande wa urani, kipande hiki hakina maana, migodi huchimba malori kwa malori. Thamani yake ni uzuri wake. Makumbusho na wakusanyaji huuliza: vipande ni vizima? Vimebaki na mwamba wake? Kimetoka wapi, kwa mkono wa nani? Kikiwa kizima hivi ni kitu adimu. Kikivunjika ni takataka, tena takataka ya hatari. Ndani yake kuna maji, unaelewa? Maji hayo ndiyo yanashikilia kila kitu, kama saruji kwenye matofali. Kwa hivyo usilianike juani, usilifute, usilitoe humo lilimo, na usipumue vumbi lake. Na haliuzwi kiholela, kuna sheria na vibali. Afadhali uliache hapa, Jumatatu umlete mwenyewe tuliandikishe pamoja."

"Daktari, mwanamke amenipa jiwe mkononi. Nimrudishie maneno?"

Wakabishana. Mwishowe daktari akalitia kwenye kisanduku cha plastiki chenye pamba yenye unyevu, akafunga kwa utepe, akamwandikia namba yake ya simu na kumwapisha kwamba Jumatatu, mapema, atakuja na mwenye jiwe. Elphas aliapa vizuri sana. Kuapa hakujawahi kumchukua muda.

Lakini angalieni kichwa cha mchuuzi kinavyofanya kazi. Katika maneno yote yale mazuri ya daktari, kichwa kilishika neno moja tu na kulirudia njia nzima: lina maji. Lina maji! Mtu aliyeishi na mahindi anajua maji ni nini. Maji ndiyo yanayofanya lori lirudishwe getini. Maji ndiyo yanayofanya mnunuzi akukate bei huku akicheka. Elphas mwenyewe alikuwa amewakata wakulima kwa ajili ya maji mpaka wengine wakamwita kwa jina hilo. Na huyu binti wa koti jeupe amewahi kuuza nini? Kitu chenye maji kiende sokoni kikiwa na maji? Haiwezekani.

Alimpigia Tryphosa akiwa bado njiani. "Mama, mambo ni shwari kabisa! Jiwe lako ni kubwa kuliko dhahabu!"

"Daktari amesema nini?"

"Amesema mengi. Niachie mimi."

Habari ya Jumatatu hakuitaja. Kumwambia kwamba mwenye jiwe anatakiwa kungekuwa kama kukiri kwamba Elphas peke yake hakutosha.

Ijumaa alihamisha kisanduku kutoka chini ya kochi hadi kwenye bafu la nje, kisha nyuma ya tangi la maji. Jumamosi asubuhi alikipeleka kwa Muigai, kwa kisingizio kwamba mahindi yake yalikuwa yakikaushwa na lazima asimamie. Draya ilikuwa ikinguruma. Alilizunguka lile dude mara nyingi hata wapakiaji wakachoka kumwangalia.

"Umetia nini hapo kwa sanduku?" Muigai akauliza. "Si lile jini?"

"Linakaa sawa. Lina maji tu kidogo."

"Maji?" Muigai akacheka. "Basi mnunuzi atakukata. Si wewe hukatanga watu?"

Mtu mwingine angecheka na yaishe. Elphas hakuwa mtu mwingine. Akatazama mdomo wa draya, ule unaotema hewa ya moto juu ya mahindi. Daktari alikataza jua. Draya si jua. Mnaona? Hakuvunja neno la mtu. Akakata utepe, akaliweka jiwe kwenye trei ya waya mbele ya ule mdomo, akakunja mikono kama daktari wa upasuaji.

Kwanza hakikutokea kitu. Halafu ile rangi ya limau ikaanza kupauka, kama kitambaa kilichofuliwa mno. Vile vipande vilivyosimama vikajikunja kidogo pembeni. Kimoja kikaanguka. Kingine. Kisha upande wote ukalegea kwa pamoja, ukamenyuka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu, na hewa ya moto ikaubeba ukiwa vumbi la manjano na kuumwaga juu ya mahindi, polepole, kama mtu anayenyunyiza chumvi.

"Zima!" Elphas akapiga kelele. "Zima mashine! Tokeni nje, wote, msivute hiyo hewa!"

Wapakiaji hawakuuliza, mtu ambaye huwa anapiga kelele kila siku hueleweka siku anapopiga kelele tofauti. Walitoka wote hadi barabarani na kusimama wakitazama mlango wa stoo kana kwamba chui yumo. Elphas alijifunga leso puani, akarudi mara moja tu, akafunika trei na kisanduku, akatoka, akanawa mikono bombani mpaka vidole vikanyauka.

Muigai akamvuta kando. "Sikiza. Ni juu juu tu, magunia machache. Tuyachanganye na yale mengine, usage, uuze. Nani atajua?"

Na Elphas, ambaye alishachanganya mabichi na makavu zaidi ya mara moja, msijifanye hamjui, alitazama yale magunia, kisha barabara. Akaita pikipiki. "Funga mlango. Mtu asiguse mpaka nirudi."

Njia ya Kapseret ni fupi, lakini siku hiyo alitunga humo uongo wa kutosha mwaka mzima. Kwamba jiwe limeibwa. Hapana, mama angetaka barua ya polisi. Kwamba serikali imelichukua. Hapana, angeuliza serikali gani, na jina la afisa. Kwamba lilikuwa bandia tangu mwanzo. Huo ulikuwa mzuri. Huo ungemwacha bila lawama na shemeji wangenyamaza. Aliufanyia mazoezi kwa sauti, mpaka mwenye pikipiki akageuka kumtazama.

Tryphosa alikuwa akikamua. Hakuinua kichwa. "Umekuja bila kopo."

"Mama, lile jiwe..." Uongo ulikuwa tayari, mdomoni kabisa. Maziwa yalikuwa yakiingia kwenye ndoo, shwa, shwa, bila haraka. "Nimeliharibu. Nilitaka kulikausha. Limevunjika lote."

Shwa, shwa.

"Lilikuwa nini?"

Akamwambia yote: jina lake, kile kijani, kile kifaa cha kudunda, vipande vizima, makumbusho, Jumatatu.

"Daktari alisema uje nami?"

"Ndiyo."

"Na kwa nini hukunipigia?"

"Nilikupigia."

"Ulinipigia kujisifu, Elphas. Mimi nilikutuma swali, ukafanya lako. Jiwe la mtu." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtesa. "Hata habari ya kuoana hukuniuliza. Ulinitangazia, kama bei ya mahindi."

Elphas akazunguka nguzo ya zizi. Akarudi. Akaishika kofia, akaiacha. "Mama, kuna jambo lingine. Vumbi limeingia kwenye mahindi yangu, pale kwa Muigai. Yeye anasema tuchanganye na mengine, hakuna atakayejua. Mimi... nifanye nini?"

Mikono ya Tryphosa ikasimama. Ng'ombe akageuza shingo kutaka kujua kulikoni.

"Unaniuliza?"

"Nakuuliza."

"Hata kuku wasipewe," akasema. "Hata panya. Nipe namba ya huyo daktari."

Aliongea naye yeye mwenyewe, akimsikiliza hadi mwisho wa kila sentensi, kitu ambacho Elphas hakuwahi kuona kikifanywa kwenye simu. Kisha akafunika ndoo, akavaa leso safi kichwani, wakapanda pikipiki moja hadi mjini.

Daktari Ciru alifika na kile kifaa na watu wawili wenye maski na suti nyeupe. Alipitisha kifaa juu ya mahindi: ya juu yalidunda, ya chini yakanyamaza. Yale yanayodunda yakatiwa kwenye mapipa yenye vifuniko, wapakiaji wakaamriwa kuoga na kubadilisha nguo, na stoo ikasafishwa kwa matambara yenye maji, bila kufagia. Muigai alizungumza sana juu ya hasara yake ya siku nzima, lakini kwa mbali, kutoka upande wa pili wa barabara.

Kwenye trei kulibaki mwamba wa kahawia wenye magamba machache yaliyopauka. Daktari aliutazama kama mtu anayetazama maiti ya jirani.

"Juzi hili lilikuwa la kabati la makumbusho," akasema. "Sasa linafaa kufundishia wanafunzi tu. Nikiwaonyesha otunaiti iliyokufa kwa joto inafanana vipi, wataelewa. Mama, hili halina bei tena. Pole. Utatuachia?"

"Mtaliandika jina?"

"La jiwe?"

"La mume wangu. Kwamba ndiye aliyelileta."

"Tutaandika. Aliyelileta, na lilikotoka. Hiyo ni sehemu ya jiwe."

Tryphosa akaitika kwa kichwa. "Basi chukueni. Nyumba yangu itapumua. Kwamba si dhahabu, shemeji zangu wataambiwa na daktari mwenyewe, si na mimi."

Elphas alikuwa amesimama karibu na mizani, akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule. Jiwe limekwisha, mahindi yamekwenda, na jibu alilotumwa kulileta, daktari amempa mama mwenyewe. Wapakiaji walikuwa wakinong'ona juu yake. Alitaka sana kuondoka, na alitaka sana asiondoke, na miguu yake haikujua ifuate lipi. Mama akamjia, polepole kama kawaida yake, mpaka mtu angedhani barabara ni ndefu.

"Nilisema uniletee jibu la kweli," akamwambia. "Umeniletea, ingawa umelivunja njiani."

"Mama, kwa hivyo..."

"Sijamaliza. Jumapili, baada ya kanisa, utakuja kwangu. Shemeji watakuwepo. Watakuuliza juu ya jiwe, na watakuuliza kwa nini mtu kama wewe anataka kuingia boma la ndugu yao. Utaniacha niwajibu mimi."

"Lakini naweza kuwaeleza kuhusu ile draya, kwa sababu kitaalamu..."

"Elphas."

"Hata kidogo tu? Niwasalimie?"

"Utawasalimia. Halafu utanyamaza mpaka nimalize. Unaweza?"

Elphas akatazama angani, akatazama draya, akatazama Muigai ng'ambo ya barabara akitega sikio. Midomo yake ilitaka kusema kwamba hakuna mtu Eldoret nzima anayejua kunyamaza kumshinda yeye. Ilifunguka nusu.

"Nikujaribu sasa?" Tryphosa akauliza.

Midomo ikafumbwa.